Ngazi za Namba Tisa

Jumatatu asubuhi karani wa ofisi yetu ya afya ya jiji alibandika notisi kwenye mlango wa mbele wa Namba 9, Mtaa wa Ingleby. Notisi ilisema kwamba nyumba hiyo imekaguliwa na kuonekana haifai kukaliwa na binadamu, na kwamba kamati ya nyumba ya jiji itakutana Alhamisi kuamua kama ibomolewe. Aliyeikagua nilikuwa mimi, Clifford Holroyd. Mwenye nyumba alikuwa Bibi Edna Barraclough, mjane wa miaka sabini na moja, aliyezaliwa humo humo, katika chumba cha juu kinachotazama mtaa. Hilo la kuzaliwa sikulijua bado. Fomu haikuwa na mahali pa kuliandika.

Ilikuwa Februari 1971. Kwa miaka kumi na mitano jiji lilikuwa likibomoa nyumba za safu za enzi ya Malkia Victoria, mtaa mzima kwa wakati mmoja, na kuwahamishia watu kwenye maghorofa. Kisha sheria ikageuka: safu iliyo imara iachwe, iwekewe mabafu na vyoo vya ndani. Mtaa wa Ingleby ulikuwa imara. Una nyumba ishirini na mbili upande mmoja, zimeshikana mabega, na upande wa pili ni ukuta mrefu wa kiwanda cha sufu kilichokwisha kufungwa. Tatizo lilikuwa njia ya nyuma. Gari la taka halikuweza kuifikia, kwa sababu kichochoro pekee, kilichotoboa safu kati ya Namba 11 na Namba 12, kilikuwa na upana wa futi tatu na nusu. Kamati ikataka nyumba moja iondolewe ili gari lipite. Bwana Lumb, mkuu wetu wa kazi, akanituma nikatafute iliyo mbovu kuliko zote.

Haikuwa kazi rahisi. Nyumba hizo zilijengwa mwaka 1868 na chama cha wanaume ishirini na wawili, wafuma sufu na waashi waliokuwa wakisali kanisa moja. Walichanga kila Jumamosi, na kila nyumba ilipokamilika walitumbukiza vikaratasi ndani ya kofia kuona nani ataingia. Kwa hiyo wakati kuta zikipanda hakuna aliyejua ipi itakuwa yake, na kila mmoja alizikagua zote. Nimepima safu nyingi ambazo mjenzi alikuwa mtu mmoja aliyetaka kuuza na kuondoka. Huko tofali za mbele zimekatwa nusu, zinapendeza machoni lakini hazijashikamana na ukuta wa ndani. Ingleby sikukuta tofali la uongo hata moja. Kila nyumba ina upana wa futi kumi na nne na inchi tatu, kwa sababu boriti zilizokuja kwa meli kutoka Baltiki zilikuwa za futi kumi na tano, na hakuna aliyetaka kutupa mbao. Vigae vya paa ni jiwe la Wales, jeusi jua likiwaka, la zambarau mvua ikinyesha.

Mtu akikagua nyumba ishirini za namna hiyo kwa siku mbili, kitu fulani hulegea kichwani. Anapanda ngazi zile zile, vidato kumi na vitatu, anaingia chumba kile kile, anasimama kwenye dirisha lile lile na kutazama ukuta ule ule wa kiwanda. Maua ya karatasi ya ukutani yanakuwa mistari, mistari inakuwa ndege, mtoto mgonjwa kitandani anakuwa mzee mgonjwa kitandani. Birika linachemka kila mahali kwa sauti moja. Jioni ya siku ya pili nilikuwa na orodha ya vipimo sahihi, na wakati huo huo sikuwa na hakika kama nimeingia nyumba ishirini au nimeingia moja na kukaa humo miaka mia.

Zilibaki mbili ambazo wenyewe sikuwakuta. Nilizirudia siku ya tatu, siku ya ukungu, na nikakamilisha kazi. Namba 9 ndiyo niliyoiandika kuwa mbovu kuliko zote.

Jumatano baada ya chakula cha mchana, siku moja kabla ya kamati, nilikaa kuunganisha michoro yangu ishirini na miwili iwe mchoro mmoja. Kila mchoro nauchora mtaa ukiwa upande wa chini wa karatasi, bila kujali nimeingia kwa mlango gani. Nyumba za Ingleby zimejengwa mbili mbili, moja ikiwa kivuli cha mwenzake kwenye kioo: upande mmoja zinashirikiana dohani na jirani, upande mwingine ngazi zao zinagusana na ngazi za jirani wa pili. Namba witiri zote zina ngazi kulia, namba shufwa zote zina ngazi kushoto. Nilibandika ya kwanza hadi ya nane, zikaingiana bila shida. Ya tisa ikakataa. Kwenye mchoro wangu ngazi za Namba 9 zilikuwa kushoto, na dohani ya Namba 8 ilikuwa imeziegemea, nusu ya dohani, ikipeleka moshi chumbani kwa watu. Nyumba ya namna hiyo haiwezi kujengwa. Nikaendelea mbele. Ya kumi na nne nayo ikakataa. Nilipozibadilisha nafasi, hizo mbili, karatasi zote zikalala sawasawa kuanzia mwanzo hadi mwisho wa meza.

Nilizitazama kwa muda. Kisha nikarudi kwa mawazo kwenye siku ile ya ukungu.

Mageti ya nyuma ya Ingleby hayana namba, hakuna anayezihitaji. Nilikuwa nimepita kichochoro nikitokea mtaani, weupe umeshuka hadi kwenye vizingiti, dohani hazionekani, hatua zangu mwenyewe zikisikika kama za mtu anayenifuata. Ukisimama mtaani, namba ndogo ziko kushoto kwako. Ukipita kichochoro na kugeuka kuzitazama nyumba kwa nyuma, namba ndogo ziko kulia. Mimi niligeuka, nikaenda kushoto, nikahesabu hadi geti la tatu, nikidhani ni la Namba 9. Mlango ulifunguliwa na mwanamke mwembamba mwenye aproni.

"Bibi Barraclough?"

"Ndiye mimi."

"Nimekuja kuangalia nyumba."

"Iangalie," alisema, na akaweka birika motoni.

Ukuta wa jikoni ulikuwa na unyevu futi nne kutoka sakafuni. Lipu ilikuwa imevimba. Vidato vitatu vya chini vya ngazi vilibonyea nilipovikandamiza kwa kidole gumba. Niliandika yote hayo, nikanywa chai, nikaenda kwenye geti la tatu la upande wa pili. Nilikuwa nimeambiwa kwamba mwenye Namba 14, Wilfred Dewhirst, mpiga lipu mstaafu, yuko hospitali kwa ajili ya kifua. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Ndani palikuwa pakavu, moto umefunikwa majivu, aproni imetundikwa nyuma ya mlango. Nikaandika: nyumba nzuri, jirani anaitunza. Aproni niliiona. Sikujiuliza ni ya nani.

Saa nane na nusu nilikuwa Mtaa wa Ingleby. Safari hii, ili nisikosee tena, nilikwenda kwenye mlango wa mbele wenye namba 9 na notisi yetu, nikagonga. Kifuniko cha tundu la barua kilifunguka usawa wa mapaja yangu.

"Nani huyo?"

"Holroyd, wa ofisi ya afya ya jiji."

"Kuna aliyekufa?"

"Hapana, mama."

"Kuna anayeolewa?"

"Hapana."

"Basi zunguka nyuma kama watu wengine. Mlango huu haujafunguliwa tangu tumtoe mume wangu Harold mwaka wa sitini na mbili, na hata yeye alitoka kwa taabu."

Nilipita kichochoro, nikageuka, nikaenda kulia, nikahesabu kwa sauti. Bibi Barraclough alikuwa anakanda unga. Alinitazama, akaendelea kukanda. Ngazi zilikuwa mahali pake. Niliweka kiganja kwenye ukuta wa jikoni, chini, katikati na juu. Kisha nikapima, kwa sababu kiganja si kipimo. Palikuwa pakavu kuliko ofisini kwetu.

"Bibi Barraclough, nyumba nilimokukuta siku ile haikuwa hii."

"Haikuwa."

"Ilikuwa ya nani?"

"Ya Wilf Dewhirst. Nilikwenda kumwashia moto. Nyumba ikikaa bila moto wakati huu wa mwaka inaharibika."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza ni ya nani. Uliniuliza kama mimi ni Barraclough. Jina langu nalijua."

"Ulinikaribisha chai."

"Kwa kikombe cha Wilf na sukari ya Wilf. Anayekuja kukagua nyumba ya Wilf anywe sukari ya Wilf. Na uliweka vijiko vitatu, nilihesabu. Mimi nahesabu vizuri."

"Na notisi ilipobandikwa?"

"Hapo ndipo nilipojua kwamba wewe huhesabu vizuri."

Alilifunika bakuli kwa kitambaa, akalisogeza karibu na moto, akakaa. Miaka arobaini na nne alikuwa amefanya kazi kwenye kile kiwanda cha mbele, akipitisha vitambaa chini ya vidole kutafuta mafundo ambayo macho hayayaoni. Hata sasa vidole vyake vilikuwa vikitembea juu ya meza, taratibu, vikitafuta.

"Tangu Jumatatu umekaa kimya," nilisema. "Kesho wanapiga kura. Watabomoa nyumba yako kwa ajili ya ukuta usio wako."

"Najua kesho ni lini."

"Ungekuja ofisini mara moja tu."

"Nije niseme nini, mwanangu? Kwamba si hii, ni ile? Kwamba wabomoe ya Wilf?" Alisema bila hasira. "Daktari amemwambia Wilf atarudi nyumbani siku atakayoweza kupanda vidato kumi na vitatu bila kusimama. Kila asubuhi anawapandisha wale manesi ngazi za hospitali. Jumapili alifika cha tisa. Sasa wewe nenda ukamwambie ngazi zake mmezitupa kwenye lori. Akishafika cha kumi na tatu, aende wapi?"

"Na wewe uende wapi?"

"Ghorofani. Wanasema kuna lifti. Mimi lifti hainisumbui."

"Umezaliwa katika mtaa huu?"

"Humu ndani. Juu hapo. Andika na hilo, kama una nafasi."

Nilimweleza kwamba siwezi kuacha kwenye faili maneno ninayojua si ya kweli, na kwamba fomu zote mbili zitasahihishwa kabla ya kamati kukaa.

"Utaandika nini?"

"Nilichokiona."

"Mara ya kwanza pia uliandika ulichokiona."

Nilikitazama kijitabu changu. Namba 13 na Namba 15, majirani wa Dewhirst, zilikuwa kavu hadi sakafuni, nilizipima mwenyewe. Ardhi chini ya safu ile ni moja na msingi ni mmoja. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hauchagui nyumba ya katikati na kuziacha za pembeni. Hilo nilipaswa kuliona siku ya ukungu, nikiwa na kikombe mkononi.

"Mabomba ya Dewhirst yanapita wapi?" niliuliza.

"Juu, darini. Yalipasuka wiki ile ya baridi kali, yeye tayari ameshachukuliwa. Maji yalimwagika usiku kucha."

"Hukusema hata hilo."

"Ulikuwa unaandika. Sikutaka kukukatiza."

Nilisema nataka kuliona bomba. Aliniambia tundu la dari la Wilf limepakwa rangi mara nne na halifunguki bila kuvunja, bora nipandie la kwake na kutembea. Nilijua kwamba huko juu kuta za kati zinaishia usawa wa dari. Nilikuwa nimechungulia kutoka Namba 1 na kuandika kwamba ni kasoro, kwa sababu moto ukizuka utapita safu nzima.

"Kasoro," alisema Bibi Barraclough, akinishikia ngazi ya kuegemeza. "Mama yangu alipita huko na beseni kichwani kwenda kumzalisha mke wa jirani yetu Clegg, theluji imeziba milango yote ya chini. Kanyaga boriti. Ukikanyaga kwingine utatokea mezani kwa watu."

Nilipanda, nikatoa kichwa kwenye giza, na giza likafunguka polepole. Nilikuwa ndani ya chumba kimoja chenye urefu wa futi mia tatu na kumi na saba. Jua lilikuwa limetoka, na popote kigae kilipokaa vibaya palikuwa na uzi wa mwanga, mamia ya nyuzi, zote zimeinama upande mmoja. Vumbi lilielea ndani yake bila kwenda popote. Masizi ya miaka mia moja yalikuwa yametanda juu ya kila kitu, laini, yakimeza sauti ya viatu. Dohani zilisimama kwa umbali sawa, moja nyuma ya nyingine, mpaka mwisho, zikiwa na joto. Niliigusa moja. Ilikuwa na joto la mwili.

Boriti zimeachana inchi kumi na nne. Nilitembea kwa hatua za inchi kumi na nne, na chini yangu kila nyumba ilipita. Katika Namba 10 redio ilikuwa ikisoma majina ya farasi. Katika Namba 11 mwanamke alikuwa anamwambia mtu, au ndege, kwamba akiendelea hivyo hatapata kitu. Juu ya kichochoro hewa ilipoa ghafla na nikasikia mtu akipita chini kabisa, akipiga mluzi, sauti ikizunguka na kurudi. Katika Namba 12 walikuwa wanakaanga maini na vitunguu. Katika Namba 13 mtu aliyerudi kutoka zamu ya alfajiri alikuwa akikoroma, na boriti niliyokanyaga ilitetemeka kidogo kwa mkoromo wake. Hakuna aliyejua kwamba nipo. Hata hivyo sikujiona mwizi. Nilijiona kama mtu aliyekuwa akipita hapo kila siku tangu zamani, na kwamba nikichelewa, mtu fulani chini atainua uso kutoka kwenye sahani na kuuliza nimepatwa na nini.

Kwenye dohani ya pili niliwasha tochi. Kulikuwa na alama za chaki kwenye tofali, mistari mifupi iliyosimama, imepangwa vizuri. Nilizihesabu: ishirini na mbili. Nikarudi kwenye ya kwanza. Ishirini na mbili pia. Kila mwanachama alikuwa amepanda hapo, akatazama kazi, akaweka mstari wake. Mingine ilikuwa imepigwa kwa nguvu mpaka chaki imevunjika, mingine kwa shaka. Siandiki vitu kama hivyo kwenye fomu. Niliandika kwamba chokaa ya dohani ni nzima.

Bomba lilikuwa juu ya Namba 14, kabla tu ya dohani ya tatu, likitoka kwenye tangi. Lilikuwa limepasuka inchi tano. Mahali hapo palikuwa pamefungwa kwa vipande vya sufu, tabaka juu ya tabaka, vimeshonwa kwa uzi, mishono midogo iliyolingana kiasi kwamba ilibidi nisogeze tochi ndipo niione. Chini yake maji yalikuwa yameacha njia nyeusi kwenye mbao, ikiteremka moja kwa moja kuelekea ukuta wa jikoni na ngazi. Niliichora. Sufu ilikuwa kavu.

Niliporudi na kushuka, Bibi Barraclough alinipangusa masizi mabegani kwa taulo, kwa nguvu, kama anavyopanguswa mtoto wa shule.

"Nani alilifunga lile bomba?"

"Nani mwingine anajua kushona mtaa huu?"

"Ulipita juu kule peke yako? Una miaka sabini na moja."

"Nilipita njia uliyopita wewe. Tena sikuwasha tochi, mikono yangu inaona."

Tulikwenda Namba 14 pamoja, kwa njia ya uani. Nilibandua karatasi ya ukuta kwenye kona ya jikoni, kutoka sakafuni hadi juu. Doa lilikuwa moja, limeanzia dari. Lipu ya juu ilikwisha kukauka, ya chini ilikuwa bado, na hiyo ndiyo iliyonidanganya. Nilitoboa vidato vitatu vya chini kwa sindano ya chuma. Rangi na robo inchi ya juu zilikuwa laini. Ndani mbao ilikuwa ngumu kiasi kwamba sindano ilinikwama. Nilipima mara mbili, nikampa Bibi Barraclough kijitabu ili ashuhudie namba nilizoandika.

"Inasemaje?" aliuliza.

"Inasema fundi bomba siku moja, mpiga lipu siku tatu, na madirisha yafunguliwe mchana."

"Haisemi ibomolewe?"

"Haisemi. Wala yako haisemi. Lakini kamati wanataka nyumba moja, na mimi sipigi kura."

Hakushukuru. Alichukua sepetu, akaongeza makaa ya mawe kwenye moto wa Wilf.

Asubuhi ya Alhamisi nilimweleza Bwana Lumb. Alikuwa akinoa penseli na hakuacha kuinoa.

"Holroyd, ngoja nielewe. Jiji limekusomesha miaka minne, halafu umeshindwa kuhesabu mageti matatu."

"Niliyahesabu vizuri. Nilianza upande usio wenyewe."

"Basi umenifariji. Na ile nyumba nyingine, hiyo iliyooza?"

"Haijaoza. Ililowa. Makosa ni mawili na yote ni yangu."

"Kwa hiyo saa nane mchana nitasimama mbele ya watu tisa wenye njaa ya kubomoa, niwaambie nini? Kwamba sina nyumba?"

"Utasimama na mchoro."

Niliutandaza. Safu nzima ilikuwa kwenye karatasi moja, na nilimwonyesha kwa kidole. Nyumba yoyote ya katikati ikitolewa, inaondoka na nusu ya dohani ya jirani wa upande mmoja na ukuta wa ngazi wa jirani wa upande mwingine. Zimejengwa zikiegemeana, na mbili zinazobaki itabidi zitegemezwe kwa magogo kisha zijengewe kuta mpya. Kuondoa moja ni kuharibu tatu. Baada ya Namba 22, hata hivyo, kuna banda la farasi la kile kiwanda, mali ya jiji tangu mwaka jana, na haligusi safu; likibomolewa hilo, gari litapata njia. Bwana Lumb alikuwa amelikataa mwezi Desemba kwa sababu gari la taka lingelazimika kurudi kinyumenyume kutoka huko.

"Madereva watanila nyama," alisema.

"Huenda."

Alipuliza vumbi la penseli kutoka kwenye karatasi yangu, kuanzia Namba 1 hadi 22. "Utayasema wewe mwenyewe. Mimi nitakaa nikutazame."

Niliyasema. Nilisoma fomu ya kwanza, nikasema si ya kweli na kwa nini. Nikasoma ya pili. Chumba cha kamati kina madirisha marefu, na mwanga wa alasiri uliingia kwa mteremko ule ule wa darini, nikapoteza mstari nilipokuwa nikisoma na kunyamaza muda mrefu kuliko inavyofaa. Mjumbe mmoja mwenye duka la viatu aliuliza kama mkaguzi ni mgonjwa. Mwingine aliuliza kama, kwa kuwa mkaguzi amekosea mara mbili, kuna sababu gani ya kumwamini mara ya tatu. Lilikuwa swali halali. Nilimwambia asiniamini mimi, aweke mchoro wa Namba 9 mahali pa 14 mwenyewe, ajionee dohani. Alikuja mezani, akavaa miwani, akaweka. Alijaribu mara mbili. Kisha akarudi kukaa.

Banda lilipita kwa kura tano dhidi ya nne. Mimi nilihamishiwa ukaguzi wa mabucha kwa miezi sita.

Barua kwa Mtaa wa Ingleby niliomba niipeleke mwenyewe, Ijumaa, kabla ya kukabidhi kijitabu. Namba 9 hakukuwa na mtu. Notisi ilikuwa bado mlangoni, niliing'oa. Nilimkuta Bibi Barraclough kwenye nyumba ya Wilf, madirisha yote wazi, amefunga kitambaa kichwani, anakwangua karatasi iliyobaki ya ukutani kwa kisu cha jikoni. Hakuwa na miwani. Aliniambia nisome.

Nilianza na aya ya kwanza, inayosema kwamba notisi kuhusu Namba 9 imefutwa na kwamba mwenye nyumba anaombwa radhi. Alinikatiza.

"Hiyo naijua. Nyumba yangu haikuwa na tatizo. Soma ya kumi na nne."

Niliisoma: kwamba Namba 14 inafaa kukaliwa, na kwamba matengenezo yakamilike ndani ya siku ishirini na nane.

"Rudia."

Nilirudia, polepole zaidi. Alisikiliza akiwa ameshika ukuta kwa vidole vyote, akitazama ngazi.

"Juzi amefika cha kumi na moja," alisema. "Siku ishirini na nane ni nyingi, atakuwa amesharudi, na hatanyamaza. Mpiga lipu gani atakubali kufanya kazi Wilf akiwa amekaa hapo anamwangalia?" Alinipa kisu cha pili. "Shika upande ule. Anza juu."

Nilivua koti, nikaanza juu.